Maswali Yenu: pampasi, kasa na taka zinazorudi na kusi

Haya wasomaji wangu, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, ishaingia na fuo zetu kuanzia Nyali mpaka Shanzu zimejaa mwani, na ukiufukua ule mwani kidogo tu kwa mguu waona chini yake kuna nini, vifuniko vya chupa, champali moja moja, mirija, vijiti vya masikio, vipande vya kamba ya nailoni. Ndo manake mwezi huu barua nyingi zimekuwa za bahari. Zingine nimezifupisha, majina nimeyaondoa, na zile zilizoandikwa kwa hasira nimeziacha na hasira zake kwa sababu hasira yenyewe iko sawa.

SWALI: Salaam mwalimu. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Bamburi, kila mwisho wa mwezi twashuka ufuoni twaokota taka, twajaza magunia, twapiga picha twaposti, halafu wiki mbili baadaye ukishuka ni kama hakuna kilichofanyika. Wenzangu washaanza kuchoka, wasema hii ni kazi ya kuchota maji kwa pakacha. Halafu chupa zingine zina maandishi ya Indonesia sijui na wapi, kwani sisi ndo tunaosafishia Asia nzima? (Kijana wa Bamburi)

JIBU: Salaam mwanangu. Nianze na hizo za Indonesia kwa sababu ni kweli, si porojo. Kuna mkondo mkubwa unaovuka Bahari Hindi kutoka mashariki kuja magharibi, kusini kidogo ya ikweta, na chochote kinachoelea kikiingia humo chaletwa upande wetu. Mwaka wa 2019 watu walikwenda kusafisha kisiwa cha Aldabra huko Shelisheli, mahali hapana mji, hapana soko, hapana hoteli, wakatoa tani 25 za taka, na wataalamu wakakadiria zimebaki zaidi ya tani 500, na humo champali peke yake ni kama 360,000. Hakuna mtu wa Aldabra aliyezivaa zile champali. Kwa hivo ndio, bahari inabeba taka za watu wa mbali, na fuo zilizo mbali na miji zapata sehemu kubwa ya hizo.

Lakini Bamburi si Aldabra. Chukueni gunia moja tu la siku hiyo mlimwage chini mlitenganishe, mtaona wenyewe, chupa za soda na maji ya kampuni za humu humu nchini, pakiti za maziwa, pakiti za krispi, vifuko vya njugu, vile vifuko vyembamba vilivyopigwa marufuku tangu Agosti 28, 2017 na mpaka leo ukinunua pilipili sokoni kuna mtu atakutolea kimoja mfukoni. Hizo hazikuja na mkondo wowote. Zimetoka mtaroni. Kongowea, Kisauni, Tudor, kokote ambako hakuna anayezoa, taka zalala kwenye mtaro miezi yote ya kaskazi zangoja mvua ya masika, na siku ikinyesha ile yenyewe yasukumwa yote kwa pamoja mpaka kwenye mkono wa bahari, maji yakipwa yazitoa nje, na kusi ikivuma yawarudishia nyinyi hapo Bamburi.

Na kuna kitu kimoja nataka mkiangalie kwa makini mara nyingine. Vifuniko ni vingi kuliko chupa, sivyo? Plastiki ya chupa ya maji ni nzito kuliko maji ya bahari, chupa isiyo na kifuniko ikijaa maji yazama, yabaki chini kwenye majani ya bahari hamuioni tena. Kifuniko chake ni plastiki ya aina nyingine, nyepesi, chaelea tu mpaka kitupwe ufuoni au kimezwe na ndege au kasa. Sasa hayo magunia mnayojaza ni yale yaliyoelea tu, yaliyozama hayamo.

Ndo nasema kuokota ufuoni mkiacha mtaro ni pakacha kweli, wenzako hawakukosea. Kuokota pamoja na mtaro si pakacha. Tafuteni mtaro mmoja unaoshuka upande wenu, mmoja tu, muusafishe kabla ya masika haijaanza, hapo mtazuia kwa siku moja taka ambazo mngeziokota mwaka mzima. La pili, zile mnazookota zihesabuni kwa majina ya kampuni, muandike kwenye daftari mwezi hadi mwezi. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inasema anayetengeneza bidhaa ana wajibu juu ya taka inayotokana nayo, si kuuza akamalizana na wewe. Picha za vijana na magunia kampuni wazipenda sana, ata wataleta fulana. Daftari lenye jina lao na idadi hawalipendi, kwa hivo hilo ndo la kuwapelekea, na kopi muwapelekee NEMA, wale wa serikali wanaosimamia mazingira.

Halafu yale magunia yaenda wapi? Nauliza kwa sababu nimeona mengi yakiachwa juu ya ufuo chini ya mikadi, mtu akayatia moto au bamvua, yale maji makuu yanayojaa kupita kawaida, ikaja ikayachukua. Wazee wenu watawaambia Kibarani palivyokuwa, jaa la mji mzima limepandana ukingoni mwa bahari, moshi usiku na mchana, ukiingia Mombasa kwa basi harufu ndo iliyokupokea. Lilifungwa 2018 pakapandwa miti na pakapendeza, lakini kufungwa kwa jaa hakukupunguza taka ata kilo moja, zilihamishwa tu. Kwa hivo kubalianeni na mtu wa skrepu au gari la kaunti kabla hamjashuka, si baada.

Na mwani uacheni. Mwani si taka jamani, ni chakula cha kaa na ndege, na ndo unaoshika mchanga usichukuliwe na mawimbi. Okoteni plastiki iliyomo, wenyewe muuache pale pale.

SWALI: Mwalimu naona aibu kuuliza lakini nitauliza. Nina mapacha wa miezi saba, pampasi zatumika nyingi mno. Huku kwetu Mishomoroni gari la taka hatulijui. Mama mkwe amenikataza kuzichoma, asema ukichoma pampasi ya mtoto basi mtoto atatoka vipele mwili mzima. Jirani zangu wote wazibeba usiku wazipeleka chini kwa mikoko wazitupa maji yakijaa, na mimi nafanya hivo hivo. Nifanyeje? (Mama Pacha)

JIBU: Usione aibu mama, aliyeuliza ni wewe mmoja wanaofanya ni mtaa mzima. Mama mkwe wako yuko sawa kwenye kutochoma, ingawa sababu yangu ni nyingine. Pampasi ni plastiki nje, plastiki ndani, na katikati kuna pamba ya mti iliyochanganywa na punje zinazonyonya maji zikawa jeli. Moto wa nyuma ya nyumba hauiunguzi ikaisha, waiyeyusha tu, na moshi wake ni sumu na mapafu ya kwanza kuupata ni ya hao mapacha wako. Kwa hivo usichome, mheshimu mkweo.

Ila baharini nako siko. Pampasi ikiingia majini yanyonya mpaka ishindwe, yafura, yapasuka, ile jeli yamwagika na ganda la plastiki lanasa kwenye mizizi ya mikoko pale pale mlipotupa, nendeni maji yakiwa yamepwa mtaziona zimening'inia matope yamezikausha. Na kinyesi cha mtoto ni kinyesi kama cha mtu mzima, kina magonjwa, na hapo chini kuna watu wanaochimba chambo na kuokota kombe na watoto wanaoogelea jioni. Yaani twachafua na kula mahali pamoja.

Fanya hivi. Kinyesi kikung'ute chooni kwanza. Pampasi yenyewe ikunje ikaze na gundi zake, weka kwenye ndoo au gunia lenye kifuniko ambapo mbwa na kunguru hawafiki, isirushwe chooni kabisa manake itaziba. Jirani watano sita mkichanga mwaweza kumlipa mtu wa mkokoteni aje mara mbili kwa wiki, lakini muulizeni anapeleka wapi, na siku moja mfuateni mkaone, kwa sababu wako wanaokunja kona ya kwanza wakamwaga mtaroni. Na mchana ukiwa nyumbani wafunge winda za kitambaa kama tulivyofungwa sisi, pampasi ibaki ya usiku na ya safari, utaona pesa yenyewe inavyobaki mkononi. Najua kufua winda za watoto wawili maji yenyewe ya kununua kwa mtungi si kazi ndogo, sikwambii ni rahisi. Fanya unayoweza.

Halafu mwambieni mwakilishi wenu wa wodi ukweli huu, kuzoa taka ni kazi ya kaunti, imeandikwa kwenye katiba, si hisani. Mtaa ambao haujawahi kuona gari la taka ukilaumiwa kwa kutupa mikokoni mimi sikubali kwamba lawama zote ni za akina mama.

SWALI: Nauza samaki wa kukaanga, siku hizi wateja waniuliza kama samaki wana plastiki ndani. Niwaambie nini? (Mama Samaki, Kongowea)

JIBU: Waambie waendelee kula samaki bila wasiwasi. Ni kweli plastiki ikipigwa na jua na mawimbi haiishi, yavunjika vunjika mpaka ikawa chembe ndogo ambazo nyingine ata macho hayazioni, na samaki wazimeza. Lakini nyingi hukaa tumboni na kwenye utumbo, na wewe utumbo unautoa, wala usiutupe hapo nyuma ya jiko ukawafuga kunguru. Dagaa na simu, wale samaki wadogo, ndo wanaoliwa wazima na kombe pia, ila hizi chembe siku hizi zimo ata kwenye chumvi ya mezani, haziepukiki kwa kuacha samaki. Zinaepukika kwa kupunguza plastiki inayoingia majini. Na wewe hapo hapo waweza kuanza, funga samaki kwa karatasi badala ya kile kifuko.

SWALI: Mimi ni askari wa usiku kwenye hoteli moja upande wa Shanzu. Juzi saa nane za usiku kasa mkubwa alipanda ufuoni, akaja mpaka karibu na viti vya wageni, wageni wakamzunguka wammulika na simu, akageuka akarudi zake baharini. Wenzangu wasema tungempindua chali tukampata, nyama yake tamu na mafuta yake ni dawa ya pumu. Mimi sikukubaliana nao lakini la kufanya pia sikulijua. Akirudi tufanyeje? (Askari)

JIBU: Ndugu yangu umefanya vyema kukataa, na nitaanza na hao wenzako kwa sababu hili ni jambo la roho za watu. Machi 2024 kisiwani Panza, hapo Pemba tu kwa jirani zetu, watu walikula nyama ya kasa, wakafa watoto wanane na mama mmoja, na wengine wengi wakalazwa. Na 2021 huko huko Pemba walikuwa wamekufa watu saba. Nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu, humjui mwenye sumu kwa kumtazama, na kuipika haisaidii, waweza kuichemsha kutwa nzima na sumu iko pale pale, na watoto ndo wa kwanza kuondoka. Hayo mafuta ya pumu yatoka kwa mnyama huyo huyo. Mwambie mwenye pumu aende hospitali. Na ukiacha sumu, kasa wote wamelindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, ukikamatwa na nyama au magamba yake ni kesi ya faini kubwa na jela.

Sasa huyo mama kasa. Kuna uwezekano mkubwa atarudi, usiku wowote wa siku hizi zinazofuata, manake mayai anayo na lazima ayaweke mahali. Kasa jike huchukua miaka ishirini na kuendelea mpaka azae mara ya kwanza, na akishakuwa tayari hurudi kwenye pwani ile ile ya upande alikozaliwa. Maana yake ni kwamba huyo uliyemuona huenda alianguliwa hapo Shanzu kabla hoteli yako haijajengwa, na sasa amekuja kukuta viti, taa na simu.

Akipanda tena, kitu cha kwanza ni kuzima taa. Za ufuoni zote, na tochi yako pia. Watu wakae nyuma yake, mbali, wasisimame mbele akawaona, wasipige picha za flashi, wasiongee kwa sauti. Mbwa wafungwe. Anayehitaji ni giza na utulivu. Atachimba kwa mapezi ya nyuma taratibu sana, na akianza kutaga ataweka mayai mia na zaidi, meupe ya mviringo, kisha atayafukia na kurusha rusha mchanga ili kuficha mahali penyewe, halafu ashuke. Kazi yote yaweza kuchukua saa mbili. Akikwama kwenye kiti cha plastiki cha hoteli basi hiyo saa imeharibika, kwa hivo viti viondolewe ufuoni kila jioni, hilo ni jambo la kumwambia meneja kesho asubuhi.

Mayai msiyaguse. Nasema hili kwa mkazo kwa sababu wako watu wazuri wenye nia nzuri wanaoyafukua wayahamishe. Yai la kasa si kama la kuku, yakishapita saa chache tangu litagwe kiinitete hujishika juu ya ganda kwa ndani, ukiligeuza umekiua na kwa nje huoni tofauti yoyote. Kama amewahi kutaga chini mno ambapo bamvua itafika, piga simu KWS, shirika la wanyamapori, au wale wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, walio karibu nawe usiku huo huo, waje watu waliofunzwa. Huku kaskazini Watamu kuna watu wanaofanya kazi hii tangu miaka ya tisini, wavuvi wao wakinasa kasa kwenye nyavu wapiga simu achukuliwe, akaguliwe na kurudishwa baharini, na wagonjwa watibiwa mpaka wapone. Wengi wa hao wagonjwa waelea tu hawawezi kuzama, hewa imejaa tumboni, na mara nyingine kilichoziba ni plastiki. Mfuko wa plastiki ukielea majini wafanana na konyeza, yale madude ya maji maji yanayowasha waogeleaji, na konyeza ni chakula cha kasa. Ukikaa majini muda ukaota ukungu wa bahari, ata harufu yake yawa ya chakula.

Hesabu kama miezi miwili kutoka siku ya kutaga. Wataanguliwa usiku mchanga ukipoa, watoke wote kwa mpigo, na watafuata mwangaza, kwa maumbile ni ule weupe wa bahari. Taa ya baa ikiwa na nguvu kuliko bahari watapanda kuelekea baa, na asubuhi mtawakuta kwenye bwawa la kuogelea au wamekauka barabarani au wameliwa na kunguru. Taa zikielekezwa chini, zikakingwa upande wa bahari, zikawa za rangi nyekundu au ya machungwa badala ya nyeupe, tatizo hilo laisha karibu lote. Wageni wanaolipa kuja kuona pwani watafurahi kuketi gizani usiku mmoja wakijua sababu, mimi sina shaka na hilo, waambieni tu.

SWALI: Kunguru wamezidi mji huu, waiba chakula mezani, wanya kila mahali. Wao nao wana uhusiano gani na mambo ya bahari? (Mkaazi wa Makadara)

JIBU: Wanao. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa hapa, waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 kusaidia kula taka, wakazaana wakavuka. Wavamia viota vya ndege wadogo, wala mayai na vifaranga, na vitoto vya kasa vikitoka mchana hawaviachi. Mwaka wa 2024 KWS walitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru milioni moja kwa sumu maalum. Mimi siupingi, lakini kunguru wote hao walishwa na jaa. Jaa likiwa wazi ukiua mia watazaliwa mia wengine.

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama upande wa Jomvu. Tulipewa miche ya mikoko na wafadhili tukapanda mamia, tukapigwa picha, baada ya msimu mmoja karibu yote imekufa. Twaambiwa hatukuitunza. Twaumia, kwa sababu tuliitunza. (Akina mama wa Jomvu)

JIBU: Dada zangu nawaamini. Mara nyingi sana mikoko ikifa kosa liko mahali ilipopandwa, na aliyepachagua si nyinyi.

Nyinyi mnaokaa hapo mwajua kwamba mikoko si mti mmoja. Mlilana wakaa mbele kabisa unakopigwa na mawimbi, mkoko wenyewe wafuata ndani yake, halafu muia na mkandaa, na mchu nyuma kwenye chumvi kali ingawa mchu mara nyingine waupata na mbele. Kila mmoja una kiasi cha maji unachokitaka. Wafadhili wapenda mkoko kwa sababu mbegu yake ni rahisi, yaota ikiwa bado juu ya mti, yaanguka ikiwa ndefu mkononi, unaichomeka tu matopeni na picha yatoka vizuri. Ikichomekwa chini mno kwenye tope tupu ambapo maji hayaondoki vya kutosha, yaota vile vigamba vidogo vigumu vya baharini shina zima mpaka mche waelemewa wafa. Nendeni mahali penu maji yakipwa mtazame miche iliyokufa, mkiona imevaa hivyo vigamba basi jibu mmelipata, na siku akija mtu kuwaambia hamkutunza mwonyesheni.

Kabla ya kupanda tena, tafuteni visiki. Palipo na kisiki cha zamani pamewahi kuwa na mti, na mti wa aina ile ile ndo utakaokubali. Kisha muangalie kama maji yapita. Maji ya bahari yakiweza kuingia na kutoka vizuri na mbegu za miti mikubwa ziko karibu, mara nyingi pataota penyewe bila mche wa mfadhili. Hapo kwenu lile tuta la zamani la Makupa lilikuwa limeziba maji miaka na miaka, daraja lilipofunguliwa 2022 maji yakapata tena njia, na mimi natarajia makubwa kutoka kwa hilo kuliko miche elfu ya picha.

Kitu cha mwisho ni taka tena. Mchu una ile mizizi inayochomoza juu ya tope kama penseli, mti wapumulia hapo. Bamvua ikileta magunia na nguo kuukuu na karatasi za plastiki zikalala juu ya ile mizizi, mti wakosa hewa. Kule Mwache mvua za El Niño za 1997 zilileta matope mengi yakafunika mizizi na msitu mkubwa ukafa umesimama, kwa hivo si jambo la kudhania. Kila baada ya bamvua pitieni mtoe kilicholala juu ya mizizi, na kwenye miche midogo mtoe kilichoifunga. Ni kazi chafu haina picha nzuri, na inaokoa miti.

Mkiweza kupata nauli nendeni Gazi, Kwale, mkaonane na wenzenu wa Mikoko Pamoja. Wao walinda hekta 117 za mikoko na tangu 2013 wauza ile hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu, ndo mradi wa kwanza duniani wa aina hiyo kuendeshwa na wanakijiji, na pesa yake imeleta maji na vitabu vya shule.

SWALI: Mwalimu, sisi wavuvi wa mitumbwi twalaumiwa kwa kila kitu, nyavu, kasa, matumbawe. Sawa, wako wenzetu wanaovuta juya, ule wavu wa kukokota. Lakini hapa kwetu kuna mtaro mkubwa washuka kutoka kwa watu wa viwanda huko juu, usiku wafungulia maji meusi yana harufu kali, asubuhi twakuta mkizi waelea. Mbona hao hawasemwi? Na nyavu yangu ilinasa mwambani nikaikata, ilikuwa ya madeni bado. (Mzee wa Mtongwe)

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na pole kwa nyavu. Kama bado wajua ilipo usiiache, ya nailoni haiozi, itaendelea kunasa changu na tasi na kasa bila mwenyewe kwa miaka, samaki ambao ungewavua wewe. Ngoja maji mafu, mkondo umetulia na maji yameng'aa, nenda na vijana wapiga mbizi waikate kidogo kidogo. Kuivuta kwa mtumbwi yatang'oa matumbawe ambayo ndo nyumba ya samaki wenyewe. Kama si yako tena kuifikia, waambie BMU mahali penyewe ili wengine nao wasinase hapo. Na hao wa juya na wa nyavu za uzi mmoja zilizopigwa marufuku wasemeni nyinyi wenyewe, neno la mvuvi kwa mvuvi lasikika kuliko langu. Kule Kuruwitu, Kilifi, wavuvi ndo waliokaa chini wenyewe wakatenga kipande cha bahari kisivuliwe, tengefu, wazee wengine waliwapinga sana mwanzoni, samaki wakarudi wakajaa mpaka wakaanza kutoka nje ya mpaka, na 2017 wakapewa tuzo ya Umoja wa Mataifa.

Sasa huo mtaro. Umeuliza mbona hawasemwi na mimi nakubaliana nawe, mvuvi mwenye dema mbili, mitego miwili tu ya samaki, hukamatwa haraka kuliko mwenye bomba. Lakini sheria hiyo hamna haja ya kuiomba, ipo. Kifungu cha 42 cha katiba ya 2010 chakupa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 chakuruhusu uende mahakamani bila ata kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara. Na msidhani mahakama haiwasikii wavuvi. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wa Lamu kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari iliyojengwa kwenye maji yao.

Ila walikuwa na ushahidi, na hapo ndo pa kuanzia. Kila wakifungulia, mtu mmoja apige picha na video ya mtaro penyewe unapoingia baharini, tarehe na saa zionekane. Msichote hayo maji kwa mkono mtupu, vaeni glavu, mchote kwenye chupa safi ya kioo, mwandike juu yake tarehe na mahali. Samaki waliokufa wapigeni picha kabla hawajatupwa, andikeni aina na wangapi. Andikeni pia maji yalikuwa yajaa au yapwa, manake mwenye hila hufungulia maji yakipwa ili yamtolee uchafu wake nje haraka. Barua muiandike kwa jina la BMU si la mtu mmoja, kopi ipigwe muhuri NEMA, nyingine kaunti, nyingine mbaki nayo. Wapeni wiki kadhaa, wakinyamaza nendeni pale Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapo Mombasa, na muulizie mawakili wa haki za binadamu, wako wanaosimamia kesi za namna hii bila malipo. Na hao mkizi waliokutwa wanaelea, tafadhali wasiuzwe.